Kwa nini kasi ya mzunguko ni vekta, ilhali pembe ya mzunguko si vekta?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Tunafundishwa kwamba kasi ya mzunguko ni vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo kinachochorwa kama mshale, inayolala juu ya mhimili, na kwamba kanuni ya mkono wa kulia (vidole vikikunjwa kufuata mzunguko, kidole gumba huonyesha mwelekeo) ndiyo inayoamua ielekee upande gani. Papo hapo tunaambiwa kwamba pembe ambayo gimba limezunguka si vekta, ijapokuwa nayo ina ukubwa na ina mhimili. Ikiwa kasi hiyo hupatikana kwa kugawanya badiliko la pembe kwa muda, kitu kisicho vekta kinazaaje vekta?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, ukubwa na mwelekeo havitoshi. Vekta ni lazima pia zijumlishike bila kujali ipi imetangulia. Kilaze kitabu mezani, jalada likiwa juu na mgongo wake kushoto kwako. Kiinue nyuzi 90 kwa mhimili wa kushoto-kulia hadi kisimame jalada likikutazama, kisha kigeuze nyuzi 90 kwa mhimili wa wima, kinyume cha mwendo wa saa ukitazama kutoka juu. Kitakuwa kimesimama, mgongo ukikuelekea. Kirudishe kilipoanzia, ufanye mizunguko ileile ukianza na mhimili wa wima: safari hii kitasimamia mgongo, na jalada ndilo litakalokutazama.

Ingekuwa pembe ni vekta, jumla ya mizunguko hiyo ingekuwa mzunguko mmoja wa nyuzi 127 hivi, katika mhimili ulio katikati ya ile miwili. Mzunguko halisi ni wa nyuzi 120, na mhimili wake hata haumo katika bapa (uso tambarare) la ile miwili.

Jibu la pili

Kuhusu namna vekta inavyozaliwa: pembe zikiwa ndogo, tofauti kati ya mifuatano hiyo miwili hufuata mraba wa pembe. Kwa nyuzi 1 kila mzunguko, matokeo hupishana kwa takribani nyuzi 0.017 tu, na ukiigawanya pembe kwa 10, tofauti hupungua mara 100. Kwa hiyo tunapogawanya kwa muda unaokaribia sifuri, tofauti hutoweka, na kinachobaki hujumlishika kama vekta yoyote.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, nikiijumlisha vekta hiyo kwa muda wote wa mwendo, sitapata mkao wa gimba?

Jibu la tatu

Utaupata endapo mhimili haubadiliki. Hapo pembe ni namba tu yenye alama ya kujumlisha au kutoa. Mhimili ukibadilika, jumla hiyo haitoshi: katika mfano wa kitabu ni ileile kwa mifuatano yote miwili, ilhali mikao ya mwisho ni tofauti. Ndiyo maana mkao wa chombo cha angani huhifadhiwa kwa matriksi, yaani jedwali la namba, au kwa kwatenioni, zile namba za sehemu nne alizozivumbua William Rowan Hamilton mwaka 1843, na hurekebishwa hatua kwa hatua kadiri chombo kinavyozunguka.

Nikiruhusiwa kuchokonoa kidogo, hata kasi ya mzunguko ni vekta kwa bahati. Mzunguko kwa asili ni jambo la bapa, na katika anga la vipimo 3 mabapa ya msingi, kila moja likibeba mihimili miwili, ni 3, sawa na idadi ya mihimili, hivyo kila bapa hupata mhimili wa kuliwakilisha. Katika vipimo 4 mabapa huwa 6, na mshale mmoja hauwezi tena kuibeba kazi hiyo.