Kiki na besi zinagombana kwenye biti, naombeni ushauri

Wakuu, kila sauti ikiwa peke yake iko vizuri: kiki (ngoma nzito ya chini) ina kishindo, besi imejaa. Nikizipiga pamoja, kiki inamezwa na chini kunabaki muungurumo tu. Nikipandisha kiki, masta (mita ya sauti nzima) inagonga nyekundu. Nikishusha besi, wimbo unapwaya. Kwenye simu ndiyo kabisa, besi haisikiki. Nianzie wapi?

Mchangiaji 1: Mkuu, amua kwanza nani anakaa chini kabisa. Kama uzito wa kiki uko 55 Hz (mitetemo 55 kwa sekunde) na besi inapiga A ya chini, hiyo noti nayo ni 55 Hz, hapo lazima zigombane. Besi ikiwa ndiyo inabeba wimbo, tafuta kiki fupi yenye uzito kwenye 80 au 90 Hz. Watu wanahangaika na ikwalaiza (ya kukata au kupandisha masafa) wakati tatizo ni sampo, yaani sauti ya kiki, waliyochagua.

Mchangiaji 2: Naongezea. Kabla hujakata chochote, geuza polariti ya besi (wimbi lipinduke juu chini), kile kitufe chenye duara lililokatwa mstari. Chini kukijaa ghafla, ujue mawimbi yalikuwa yanafutana, basi iache hivyo. Kilichofutana hakirudi kwa ikwalaiza.

Mchangiaji 3: Halafu saidcheni. Weka kompresa (kifaa cha kubana sauti) kwenye besi, iendeshwe na kiki, yaani kiki ikipiga besi inashuka. Ataki (kasi ya kuanza kubana) iwe ya haraka, ipunguze desibeli 3 hivi. Kazi yote iko kwenye rilizi (muda wa kuachia): anza na milisekunde 100, lupu (rudiarudia) baa mbili, uizungushe taratibu huku unasikiliza mkia wa kiki. Ikiwa fupi mno besi inakwaruza, ikiwa ndefu mno inachelewa kurudi na mdundo unakosa nguvu. Fanya hivyo kwa sauti ndogo, ukifungulia sana kila kitu kinasikika kizuri.

Mleta mada: Polariti imesaidia sana, asanteni! Kiki sasa inatoka. Na kwenye simu je?

Mchangiaji 1: Spika ya simu haiwezi kutoa 55 Hz, usipoteze muda kuipandisha. Nakili traki ya besi, nakala ikate kila kitu chini ya 150 Hz, itie distoshen (mkwaruzo), kisha iingize kidogo kidogo chini ya ile ya asili. Sikio likipata 165 na 220 Hz, yaani 55 mara tatu na mara nne, linaijazia lenyewe noti ya chini. Ukimaliza, rudi kwenye spika kubwa uhakikishe nakala haijaanza kuziba sauti ya mwimbaji.