Wałbrzych au Zabrze: mji upi unaonyesha vizuri historia ya makaa ya mawe Poland?

Mpita Njia: Wakuu, mtu aliyefikia Wrocław na ana siku mbili za kuona miji ya migodi, aanze wapi?

Jabali: Ukitaka kushuka chini kwelikweli, Zabrze. Mgodi wa Guido ulianzishwa 1855, na wageni huteremshwa kwa lifti ya mgodi hadi mita 170 au 320. Pale pale Zabrze, kwenye mgodi wa Luiza, unapita kwa mashua ndani ya handaki la kutolea maji na makaa lililochimbwa kuanzia 1799 hadi 1863. Vaa sweta na viatu vya kufunga hata kiangazi, na ukate tiketi mapema, maana watu huingia kwa makundi.

Fundi Reli: Kwa Guido sina ubishi. Ila anayetaka kujua mji unaishije makaa yakishakwisha, Wałbrzych ndiyo penyewe. Matabaka ya makaa kule ni membamba na yamekatikakatika, tena gesi iliyobanwa ilikuwa ikifumuka ghafla na kurusha mawe. Uchimbaji ukawa ghali, na miaka ya 1990 migodi ikafungwa karibu kwa mkupuo. Waliokosa kazi wakachimba vishimo vyao msituni, pale tabaka linapokaribia uso wa ardhi. Nguzo hazikutosha, udongo ukaporomoka, watu wakafa. Habari hiyo usiiruke.

Ukifika Stara Kopalnia, mgodi wa zamani wa Julia uliofunguliwa kwa wageni 2014, kaa kwenye bafu la wachimbaji. Mtu alitundika nguo kwenye ndoano, akavuta mnyororo mpaka zikafika darini, kisha akaufunga chini. Joto hukaa juu, kwa hiyo nguo zilizolowa zilikauka kabla ya zamu nyingine, na sakafu ilibaki wazi.

Mama Zuhura: Angalizo la treni: Wałbrzych Główny inaitwa stesheni kuu, lakini iko pembezoni, kusini. Ukishuka hapo umepotea njia. Shukia Wałbrzych Miasto kisha panda basi, au Szczawienko kama unaenda kasri la Książ. Mji ni wa milima, usiamini umbali wa kwenye ramani.

Mpita Njia: Na Bytom je?

Jabali: Bytom ni jirani wa Zabrze, iunganishe humo humo. Kule walichimba chini ya nyumba za watu. Makaa yakitolewa, dari la mgodi hushuka, na ardhi ya juu nayo hufuata. Mwaka 2011 wakazi wa mtaa wa Karb walihamishwa kuta zilipopasuka, na nyumba zao zikabomolewa.

Mama Zuhura: Basi siku ya kwanza Wałbrzych, ni kama kilomita 70 tu kutoka Wrocław. Ya pili Zabrze, na tiketi ya Guido iwe ya mchana: treni ikichelewa asubuhi, kundi lako halitashuka bila wewe.