Mwandishi wa hadithi na matembezi yake: anatafuta visa au anakimbia kazi?

MwanaKakira:
Wadau, naomba mnisuluhishe na shemeji yangu. Ninaandika hadithi fupi kwa Kiswahili hapa Jinja, usiku nikishatoka kazini. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi na Jumapili, sikai nyumbani. Mwezi huu nilikwenda Itanda kutazama maji ya Nile yakipigana na mawe, mwezi uliopita visiwa vya Ssese, na ule wa nyuma yake nilishinda kwenye kibanda cha video tangu saa nane mchana hadi wakazima jenereta. Juzi shemeji akasema mezani, mbele ya wageni, kwamba mwandishi wa kweli hukaa akaandika, mimi ni mtalii mwenye daftari.

Nijitetee kidogo. Kwenye meli ya kwenda Ssese, kutoka Nakiwogo hadi Kalangala, kulikuwa na mama mwenye godoro jipya, bado limo kwenye nailoni. Safari ni saa tatu na ushei. Mama yule hakulikalia godoro wala hakumruhusu mtu kuliegemea. Mwanawe aliposinzia akamtandikia leso chini, ubavuni mwa godoro, akamlaza hapo. Nimetoka na kurasa kumi na moja. Na kibandani nimejifunza kuanza hadithi katikati ya ugomvi, kwa sababu siku zote nafika filamu imeshaanza na sijawahi kupotea. Sasa semeni, hii ni kazi au ni uvivu?

KatoWaKasese:
Kurasa kumi na moja za godoro! Ssebo, piga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, malazi, samaki na soda, ungenunua godoro lako ukaliandika ukiwa umelilalia. Mimi niko na shemeji. Na hilo la kibanda usilitaje kabisa mbele ya watu wanaosoma vitabu. VJ, yule anayetafsiri filamu kwa kusemea juu yake, anaongopa nusu ya filamu, na nusu iliyobaki anasalimia marafiki zake. Unajifunza nini pale?

MzeeWaKisenyi:
Kato mwanangu, hapo umenigusa. Nimekuwa na kibanda miaka tisa: mabenchi, televisheni moja, ubao wa chaki nje wenye majina ya filamu. VJ haongopi. Anashusha sauti ya Mzungu, anapandisha yake. Jambazi anaitwa Ssalongo, mtaa wa Los Angeles unakuwa Kikuubo, na Mzungu akitamka maneno mawili tu, VJ keshatia methali moja na tusi dogo kabla yule hajafunga mdomo. Kwenye benchi langu la mbele walikaa wabeba mizigo wasiojua Kiingereza hata cha kuombea maji, na hakuna aliyeinuka kabla ya mwisho. Wewe uliyesoma, hadithi yako ya mwisho ilimzuia nani asiinuke?

Halafu vijana wa Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, walipotoa filamu yao Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ikawa sehemu ya filamu yenyewe, Wazungu wanaitazama kwao na kucheka naye. Huyo naye mwongo?

KatoWaKasese:
Mzee, sikukutukana wewe. Nimemtaja VJ.

MzeeWaKisenyi:
Ukitukana mkungu umetukana mgomba.

MsomajiTu:
Samahani niingie. Mimi siandiki, nasoma tu. Mwaka jana nilisoma hadithi ya mtu wa hapa hapa, wapenzi wawili mwaka 2017 wamesimama mkono kwa mkono wanatazama maporomoko ya Bujagali, mto Nile. Maporomoko hayo yalifunikwa na maji 2011, mwaka uliofuata bwawa la umeme likazinduliwa. Wapenzi wale walikuwa wanatazama maji yaliyolala kimya, na mwandishi anatuambia ngurumo iliwazuia kusikilizana. Angepanda boda siku moja tu kutoka Jinja mjini yasingemkuta hayo. Nadhani ni mtu wa Ntinda kule Kampala, hajawahi kuvuka daraja la Jinja.

DadaWaNtinda:
Ntinda imeingiaje hapa jamani? Mkikosa hoja mnakimbilia Ntinda, kama vile sisi tumefugwa. Mimi nimezaliwa Ntinda na nimeuvuka mto huo kabla daraja jipya halijajengwa, tulipokuwa bado tunapita juu ya bwawa la Owen Falls na askari wanatukataza kupiga picha. Uliza kwanza.

MsomajiTu:
Dada, sikukutaja wewe. Nilikuwa nazungumzia Bujagali.

DadaWaNtinda:
Umetaja Ntinda.

NnyaboNakawa:
Mimi nina swali jepesi kwa mwenye uzi. Umesema una shemeji, kwa hiyo una mke. Hizo Jumamosi na Jumapili za Itanda na Ssese, watoto anabaki nao nani?

Naandika na mimi, ila matembezi yangu ni takisi ya Nakawa kwenda Mukono ikiwa imekwama Kireka. Na filamu ninayoipenda kuliko zote sijaiona hata siku moja. Jirani yangu ana televisheni, ukuta wetu ni wa tofali moja, na kila Ijumaa usiku napiga pasi sare za shule huku naisikia. Kuna mwanamke ndani yake anayelia kabla ya kujibu swali lolote, halafu anajibu kwa sauti kavu kabisa kama karani wa benki. Sijui amevaa nini, sijui ni mzee au binti. Nimeshamwandikia hadithi tatu. Siku jirani aliponikaribisha nikatazame nilikataa.

MwanaKakira:
Mzee wa Kisenyi, umenena. Kato, jibu hoja ya mzee, usizunguke. Mimi sisemi kila VJ ni fundi, wapo wanaopayuka tu. Ila yule fundi anajua jambo moja ambalo waandishi wengi hatulijui, kwamba msikilizaji akichoka ni kosa lako.

BintiArua:
Nimechelewa, lakini nina neno kwa Mzee. Hao wabeba mizigo wako walikaa kwa sababu VJ anasema Kiganda. Sisi kule Arua filamu zilitufikia zimeshatiwa Kiganda, tukakaa tukiwa viziwi wa lugha mbili, hatumwelewi Mzungu wala VJ. Neno la kwanza la Kiganda nililolijua lilitoka kwa jambazi wa filamu, likasemwa kwa tabasamu zuri kabisa, nikadhani ni salamu. Nikamsalimia nalo mwalimu mgeni aliyetoka Masaka. Fimbo zile nazikumbuka mpaka leo. Angekuwepo VJ wa Kiswahili ningekuwa nimeokoka.

MpitaBusia:
Ninyi Waganda Kiswahili mnakiogopa wenyewe, mnasema ni lugha ya afande na ya mwizi. VJ wa Kiswahili atamtafsiria nani? Njooni upande wetu wa Kenya muone, DJ Afro ameitafsiri kwa Kiswahili kila filamu ya ngumi iliyowahi kutengenezwa.

BintiArua:
Kwanza mimi si Mganda, ni Mlugbara. Pili, Kiswahili nimekipata kwa mama yangu sokoni, si kambini. Kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Usinifundishe lugha ya nyumbani kwangu.

MpitaBusia:
Kufundishwa kwa lazima na kuzungumzwa ni vitu viwili, dada.

TichaMstaafu:
Wanangu, mmetoka nje ya mada. Swali ni kama matembezi yanamfaa mwandishi. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alikuja matembezi hapa kwetu mwaka 1954, ndege yake ikaanguka karibu na maporomoko ya Murchison, na mwaka huo huo akapewa Nobel. Mwenye masikio na asikie.

KatoWaKasese:
Ticha, heshima zako, lakini hapo umeunganisha kamba na mkia. Ndege zilikuwa mbili. Ya kwanza iligonga waya wa simu pale Murchison, ya pili iliyokuja kumwokoa ikawaka moto Butiaba kesho yake, na magazeti yakatangaza amekufa. Alitoka hapa kichwa kimepasuka na mgongo umeumia. Kitabu walichokitaja wakati wa kumpa Nobel kilikuwa kimeshatoka 1952, kinamhusu mzee mvuvi wa Cuba. Uganda ilimpa majeraha tu.

TichaMstaafu:
Nilisema mwaka huo huo. Sikusema kwa sababu hiyo. Soma vizuri.

MwanaKakira:
Hapo hapo, Kato! Mzee mvuvi wa Cuba. Na Hemingway mwenyewe huko Cuba alikuwa anafanya nini siku za mapumziko? Alikuwa baharini na boti yake anavua samaki. Asante kwa kunitetea bila kujua.

KatoWaKasese:
Alikuwa na boti yake mwenyewe, ssebo. Wewe unapanga foleni Nakiwogo. Halafu huyo aliandika kila asubuhi, kiu ya samaki ilikuja baadaye. Na bado hujaniambia filamu zimeipa nini nchi hii zaidi ya kelele za bunduki.

MwanaKakira:
Zimekupa chakula chako cha mchana. Kikomando unachokula kila siku kimepata wapi jina lake kama si kwenye filamu? Mtu aliona komando wa filamu, jitu lenye misuli, akatazama chapati iliyokatwakatwa juu ya maharagwe, akasema hiki ndicho kinachojenga mwili wa vile. Huo ni utunzi.

MzeeWaKisenyi:
Hapo siko nawe. Kikomando kimetokana na wanajeshi. Makomando ndio waliokula haraka haraka wakiwa wamesimama.

DadaWaNtinda:
Wanajeshi gani wanaokula chapati? Wanakula posho, yaani ugali, na maharagwe. Kikomando ni cha wanafunzi wa hosteli, jina wamelitoa kwenye filamu. Wote tuliokaa hosteli tunajua.

MzeeWaKisenyi:
Binti, mimi nilikuwa nauza kikomando mlangoni pa kibanda kabla hujajua hosteli ni nini.

DadaWaNtinda:
Mlangoni pa kibanda! Mzee, umejijibu mwenyewe.

MpitaBusia:
Kwani ni chapati ngapi kwenye kikomando kimoja? Huku kwetu wanakata moja tu, wizi mtupu.

KatoWaKasese:
Mbili. Ukipewa moja umeonewa, rudisha sahani.

BintiArua:
Maharagwe yawe na mchuzi lakini. Makavu hapana.

NnyaboNakawa:
Bado nasubiri. Watoto anabaki nao nani?

MwanaKakira:
Mama yao, nnyabo. Nimesikia. Ila Ssese nilikwenda na wa kwanza, ana miaka saba.

NnyaboNakawa:
Na yeye alileta nini kwenye daftari lake?

MwanaKakira:
Nimemwuliza sasa hivi, yuko hapa anamalizia chai. Godoro hakuliona kabisa. Anakumbuka kwamba meli ilikuwa na choo kinachotikisika, kwamba aliniita mara nyingi nikawa naandika, na gonja, ndizi ya kuchoma, tuliyonunua dirishani mwa gari wakati wa kurudi, Namawojjolo.

MzeeWaKisenyi:
Namawojjolo au Lugazi? Maana gonja za Lugazi ni nyingine.