Baa za zamani kando ya mto Thames kwa miguu: nianzie wapi?

Mwana wa Nyawera
Jambo ndugu zangu. Naenda London kwa mafunzo ya wiki mbili na Jumamosi moja tu ndiyo yangu. Nasikia kuna baa za zamani kando ya mto, mtu anazipitia kwa miguu moja moja. Nianzie wapi? Miguu ninayo, mlima wa Kadutu hapa Bukavu napanda kila siku. Feza ndiyo kidogo.

Yaya wa Muhumba
Mdogo wangu, nilikaa kule miaka 4, hiyo njia naijua. Shuka stesheni ya Tower Hill, fuata mto upande wa mashariki mpaka Wapping. Ya kwanza ni Town of Ramsgate, nyumba nyembamba kama kichochoro. Usiingie kwanza. Pembeni yake kuna ngazi za mawe za kushukia mtoni, na hapo ndipo utashangaa. Mto wetu Ruzizi ukitoka ziwa Kivu unaenda zake Tanganyika, haurudi. Thames inarudi! Bahari inausukuma, maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, hadi mita 7. Uliza saa za maji mapema. Yakiwa chini utaona vipande vya viko vya udongo vya watu wa zamani. Tazama tu, kuokota kunataka kibali.

Ufuko huohuo walinyongea maharamia. Kapteni Kidd, 1701: kamba ilikatika, wakamnyonga tena. Mbele kidogo, Prospect of Whitby, wametundika kitanzi juu ya maji, eti ukumbusho. Mimi kilinikata hamu ya kula. Ila sakafu yake ya mawe iangalie vizuri, wanasema nyumba ni ya 1520 hivi.

Halafu rudi stesheni ya Wapping, panda treni kituo kimoja mpaka Rotherhithe. Unapita chini ya mto, ndani ya tuneli ya injinia Brunel ya 1843. Malizia baa ya Mayflower. Meli ya jina hilo, ile iliyopeleka wahamiaji Waingereza Amerika, iliondoka Rotherhithe 1620, na kapteni wake, Christopher Jones, amezikwa kwenye kanisa la jirani.

Sasa aibu yangu. Siku ya kwanza nilikaa mezani dakika 40 nangoja mtu aje kuniuliza "ya baridi ao ya moto?" Nani aje! Kule unaenda kaunta mwenyewe, unalipa palepale, unabeba glasi yako. Na ile bia ya pampu ya mkono haina baridi ya frigo, usigombane nao.

Mama Sambaza
Yaya, na sisi tusiokunywa? Mtu akiomba sukre, yaani soda, watamfukuza?

Yaya wa Muhumba
Hapana mama, hata kahawa wanakupa. Na wewe mwenye feza kidogo, omba nusu: mililita 284. Pinti nzima ni 568, haifiki chupa yetu ya bia ya Primus.

Mwana wa Nyawera
Asanti sana yaya. Cha kutafuna je? Sambaza, dagaa wetu wa Kivu, hawana?

Yaya wa Muhumba
Wanao ndugu zao! Tafuta "whitebait" kwenye orodha: samaki wadogo, wanakaangwa wazima na vichwa vyao. Pilipili beba yako.