Kuongezwa ghorofa kwenye nyumba ya kale Mkomani: majirani wana sauti gani, na waipeleke wapi?

Jirani wa Mkomani ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu, wazee wangu na mafundi mlioko humu.

Ninaishi Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, au Amu kama tunavyouita, kwenye mojawapo ya vichochoro vinavyopanda kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mahali ambapo punda mwenye shehena ya mawe akipita hapana budi ujibanze ukutani. Mkabala na mlango wetu iko nyumba ya kale yenye daka (ukumbi wa mlangoni) na baraza zake mbili, na nyumba hiyo na yetu zimeunganishwa juu kwa wikio, yaani chumba kinachovuka kichochoro. Warithi wake, ambao wengi hawaishi tena Amu, waliiuza mwaka huu. Mnunuzi anakusudia kuvunja sehemu ya juu, kumwaga zege, kisha kuongeza ghorofa moja ya matofali ya saruji na sehemu ya kupumzikia wageni juu ya paa.

Tulipata habari kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, imeandikwa kwa Kiingereza, ikituita kwenye mkutano wa siku ya pili yake saa nne asubuhi katika ofisi moja. Tulikwenda watu saba. Mchoro ulionyeshwa kwa dakika chache kwenye kompyuta, tukaandika majina na kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, tukanywa soda, tukarudi. Sasa tunasikia kwamba sahihi zile ndizo zinazotajwa kuwa ridhaa ya majirani.

Maswali yangu ni haya: je, mkutano wa namna ile unahesabiwa kuwa ushirikishwaji wa umma? Pingamizi hupelekwa wapi, na kwa muda gani? Tena, nikiri kabisa, nyumba yetu wenyewe ina kipande cha mabati kilichowekwa na marehemu baba makuti yalipoanza kuvuja. Je, mtu kama mimi ana uso wa kusimama kupinga?

---

Mstaafu wa Mipango amejibu:

Wa alaykumu ssalaam. Nilifanya kazi ya upimaji na mipango ya miji kwa miaka mingi, ingawa si hapo Amu, kwa hiyo nitaeleza ninavyoijua sheria, na wakili atalitazama jambo lako kwa undani zaidi.

Kwanza elewa kwamba nyumba hiyo iko chini ya mamlaka mbili, na watu wengi hukwama kwa kuijua moja tu. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo linalohifadhiwa mwaka 1986 chini ya sheria ya mambo ya kale iliyokuwapo wakati huo, ambayo nafasi yake sasa imechukuliwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Mwaka 2001 mji huo, wenye takriban hekta 16, ukaingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Kwa upande huo, mabadiliko ya jengo huangaliwa na watu wa Makumbusho. Upande wa pili ni kibali cha uendelezaji kinachotolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kibali cha mmoja hakiondoi haja ya kibali cha mwingine, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza kwa maandishi kama vyote viwili vimeombwa, na lini.

Neno «lini» nimeliweka makusudi. Sheria hiyo ya 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Yaani ofisi ikilala, kwa upande wa kaunti nyumba inavunjwa kihalali. Nimewahi kuona faili likikaa chini ya mafaili mengine hadi siku zikapita, na sikuamini kwamba lilifika pale chini kwa bahati mbaya. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo liwaalike watu kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Kibali kikishatolewa, mwombaji au mtu mwingine mwenye maslahi katika jambo hilo ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno kwa mtu ambaye hajui kama kibali kimetoka, ndiyo maana barua ya kuulizia ni lazima itangulie.

Kuhusu mkutano wenu: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na mahakama zetu haziutazami kama pambo. Wakazi wa Lamu wanalijua hili kuliko sisi. Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kesi ya wavuvi kuhusu bandari ya Lamu ya mradi wa usafirishaji wa LAPSSET, ikaona kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki yao ya utamaduni ilikiukwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, huko huko Lamu, na upungufu wa kuushirikisha umma ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Ikiwa mradi mkubwa kiasi hicho ulisimamishwa kwa sababu watu hawakuelezwa sawasawa, ghorofa moja haina kinga. Daftari la mahudhurio linathibitisha kwamba mlifika, basi. Andikeni barua leo, nyote saba, mseme kwamba sahihi zile ni za kuhudhuria na si za kuridhia, mpeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokewa na mrudi nayo.

Pingamizi lenyewe msiliandike kwa kulalamika kwamba mnunuzi ni mgeni au kwamba tajiri hana adabu. Taja vipimo: urefu wa jengo lilivyo na litakavyokuwa, uzito utakaoongezeka juu ya kuta za zamani, wikio, maji ya mvua yatamwagikia wapi. Ombeni pia kitu kimoja rahisi sana ambacho nilikuwa nikikipenda kuliko michoro yote: mwombaji asimamishe miti juu ya paa, yenye urefu kamili wa ghorofa anayoitaka, na afunge kitambaa kwenye ncha. Mtu asiyejua kusoma ramani atatazama juu kutoka barazani kwake na kujua kinachokuja.

---

Mwenye Nyumba Langoni amejibu:

Ndugu zangu, nimewasoma kwa heshima, lakini naomba mtu mmoja aseme kwa niaba ya wenye nyumba, maana kila mkutano wa uhifadhi nilioingia umejaa watu wanaopenda nyumba za wengine.

Nyumba yangu ina warithi kumi na mmoja. Mmoja anataka auziwe, wawili wako ng'ambo hawajibu simu, na paa la msana (ukumbi wa ndani) limeanza kulegea. Nikienda kuomba ruhusa ya kutengeneza naambiwa nitumie boriti, chokaa na fundi anayejua kazi, vitu ambavyo gharama yake inapita ile ya saruji na mabati, na hakuna anayeuliza fedha zinatoka wapi. Nikiiacha ianguke, hakuna atakayenishitaki. Nikiitengeneza kwa njia ninayoimudu, nimevunja sheria. Sera inayomzuia mwenye nyumba bila kumsaidia humfikisha palepale walipofikia warithi wa jirani yako: kuuza.

Sisemi ghorofa ile ijengwe. Nasema kwamba mkiitwa tena mkutanoni, hoja ya gharama nayo iandikwe kwenye kumbukumbu, na iulizwe kwa nini mwenye nyumba anayefuata utaratibu wa kale asipunguziwe hata ada za vibali. Majengo ya umma yenyewe hayasalimiki palipo na kuchelewa: Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani wa Unguja, iliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, na hiyo ilikuwa ikifanyiwa ukarabati. Itakuwaje nyumba ya yatima kumi na mmoja?

---

Fundi wa Chokaa amejibu:

Kaka Langoni kasema kweli kuhusu gharama ya mwanzo, lakini hajataja gharama ya pili. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na ukuta huo hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji unauziba pumzi. Maji yaliyomo hayana pa kutokea, chumvi inasukuma plasta kutoka ndani, na baada ya misimu michache unaona vipande vimebenuka kama mkate uliochomeka. Hilo ni la nje. La hatari ni ncha za boriti zilizoingia ukutani, ambazo huoza mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka jana niliitwa nyumba moja iliyopigwa saruji vizuri sana, inang'aa. Nikaingiza bisibisi kwenye ncha ya boriti ikazama hadi mpini.

Tena vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, mita tatu hivi au chini yake, kwa hiyo uzito wote wa dari unashukia kuta nene zilizo karibu karibu. Zege ni jambo jingine kabisa. Ukilimwaga juu ya kuta hizo, na wikio limeshikana na nyumba ya pili, uzito hauishii kwa mwenye nyumba. Jirani wa Mkomani, kabla hujaandika barua, tazama ndani ya nyumba yako pale wikio linapoingia ukutani. Kama pana ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe, upige picha pamoja na futi. Ufa wenye tarehe husikilizwa.

Kuhusu mabati ya marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, hayo yanafunguliwa kwa siku moja na ukuta ukabaki ulivyo. Zege halifunguliki.

---

Mama wa Kiwandani amejibu:

Nimesubiri nione kama kuna atakayelitaja, na hakulitaja mtu. Watu saba waliokwenda mkutanoni, wanawake walikuwa wangapi?

Nyumba hizi zilijengwa kwa kupima macho ya watu. Daka liko mlangoni ili mgeni aishie hapo, kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko katikati ili wenye nyumba wapate anga na upepo bila kutazamwa, na aliyetaka kupandisha ukuta alimzingatia jirani yake. Wageni wakiketi juu ya paa la ghorofa mpya, viwanda vyote vya mtaa viko chini ya miguu yao, nasi tutapika na kuanika nguo tukiwa tumejifunika nyumbani kwetu. Hilo ni suala la urefu wa jengo kama lile la uzito, na liandikwe hivyo, si kama lalamiko la akina mama.

Mkutano wa saa nne asubuhi ofisini hautaniona kamwe, kwa sababu saa hiyo nina watoto na jiko. Uwe baada ya Alasiri, uwe kwa Kiswahili, na uwepo mmoja wa wanawake peke yao ndani ya nyumba yoyote mtaani. Tangazo libandikwe uwanja wa Mkunguni na misikitini kwa siku zisizopungua kumi na nne, na mtoto mmoja atumwe mlango kwa mlango. Bila hayo, wataendelea kuwauliza wanaume saba juu ya kiwanda changu.

---

Mmalindi amejibu:

Neno fupi kutoka huku. Malindi tuna nguzo ya Vasco da Gama, tuna kanisa dogo la Wareno, tuna kaburi la mnara karibu na msikiti wa Juma, na jirani yetu Gede imeingia orodha ya UNESCO mwaka 2024. Vyote hivyo vinalindwa, lakini kimoja kimoja. Nyumba zilizokuwa katikati yake ziliondoka moja baada ya nyingine, kila moja kwa kibali chake na kwa sababu iliyoonekana ya maana siku hiyo. Mgeni huoneshwa mnara, kisha huuliza mji wa kale uko wapi. Ninyi bado mna vichochoro.

---

Jirani wa Mkomani ameongeza:

Nawashukuru nyote. Barua ya kufafanua sahihi zetu imepelekwa leo asubuhi na nakala yenye muhuri ninayo. Watu sita kati ya saba wametia sahihi. Wa saba amesema ana udhuru, nami sikumbana. Tumeomba kuelezwa tarehe ya maombi yote mawili, tumeomba miti ya kipimo isimamishwe juu ya paa, na tumeomba mkutano mwingine kwa saa na kwa namna alizozitaja mama yetu. Mke wangu amekwisha kusema kwamba ule wa wanawake ufanyike kwetu. Hoja ya kaka wa Langoni kuhusu ada nimeiweka katika aya yake peke yake, na siku ya mkutano ningependa aje aisome mwenyewe.

Fundi, ufa upo. Unaanza chini ya wikio upande wa kulia na kushuka hadi kwenye kidaka (kishubaka cha ukutani) cha pili, na kwa juu kidole changu kidogo kinaingia. Nimeutia alama na tarehe. Sijui ni wa zamani au ni mpya.

---

Fundi wa Chokaa amejibu:

Tazama ndani ya ufa kwa tochi. Ukiona vumbi jeusi na utando wa buibui, ni wa zamani. Ukiona jiwe jeupe, safi, ni mpya. Usiuzibe kwa chochote. Nitakuja Jumamosi baada ya Alasiri, nione na boriti za chini ya wikio.