Baba wa bibi yangu na sarakasi ya Bombay: masimulizi haya yapimwe vipi?

Kitukuu wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum. Ndani ya kasha la marehemu bibi yangu, hapa Langoni, tumekuta picha ya kijana aliyesimama juu ya mabega ya wenzake wawili, amevaa nguo za kubana zenye nakshi, na nyuma yao panaonekana hema. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba huyo ni baba yake, baharia wa jahazi aliyefika Bombay akiwa kijana, akawavutia watu wa sarakasi kwa namna alivyoupanda mlingoti, akazunguka nao miji mingi ya Bara Hindi kabla ya kurudi Lamu kuoa katika miaka ya 1920. Alisema pia kwamba kila mwaka, kwa upepo wa kaskazi, mzee huyo alirudi na kumletea mamake vitambaa. Wajomba zangu wanacheka na kusema kwamba hizo zilikuwa sifa za barazani tu. Je, kuna njia ya kuujua ukweli?

Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Wa aleikum salaam. Nisingeanza kwa kucheka, kwa sababu nyakati zinalingana. Vishnupant Chatre alionyesha sarakasi yake ya kwanza Bombay tarehe 20 Machi 1880, na mwaka 1901 Keeleri Kunhikannan alifungua shule ya sarakasi karibu na Thalassery, katika pwani ya Malabar, ambako walitoka wanasarakasi wengi waliojaza mahema ya India kwa miongo mingi iliyofuata. Kwa hiyo baharia aliyetia nanga Bombay kabla ya 1920 angekuta kazi hiyo imeshamiri.

Linalonitatiza ni hilo la kaskazi. Jahazi la Lamu lilikwenda India kwa upepo wa kusi, mwanzoni mwake au wakati wa demani, yaani kusi inapotulia mwishoni, kwa maana Juni na Julai bahari ya huko huchafuka mno, na lilirudi kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Sarakasi nayo huikwepa mvua ya masika ya India, kisha hutandaza mahema mvua inapokatika, takriban Oktoba, na kuendelea mpaka joto la Mei. Mtu aliyerudi nyumbani kila kaskazi angekuwa anaiacha kazi msimu ukiwa katikati, na sidhani kama kuna mwenye hema ambaye angemvumilia mara mbili. Ama alikaa huko miaka mfululizo, ama hakuwa mwanasarakasi.

Fundi Picha wa Shela

Mimi ningeanza na picha yenyewe. Itoe katika fremu taratibu, ikiwa imegandamana na kioo usiivute, kisha utazame nyuma yake na pembeni mwa kadi, kwa sababu wapiga picha wa zamani walizoea kupiga muhuri wa duka na mji. Hata kama muhuri umefifia, hati yake husaidia: Kigujarati hakina mstari juu ya maneno, Kimarathi kinao, na Kimalayalam ni herufi za mviringo mtupu.

Tazama pia ardhi walipokanyaga. Tangu enzi za Philip Astley wa London, uwanja wa sarakasi umekuwa duara la mita 13 hivi, upana unaomfaa farasi anayekimbia huku mtu amesimama mgongoni mwake, na ukingo wake huonekana hata katika picha mbovu. Zulia na pazia lililochorwa ni dalili ya studio, na mtu yeyote aliweza kuazima nguo za studio. (Babu yangu mwenyewe ana picha ya urubani, naye hakupata kupanda ndege.)

Kitukuu wa Langoni (Lamu)

Ahsanteni sana. Picha nimeitoa: nyuma kuna muhuri wenye herufi za mviringo, nusu yake imeliwa na mchwa, na mbele, chini ya miguu ya wale wawili, kuna mchanga na kipande cha ukingo uliopinda. Kuhusu kaskazi, nilimuuliza shangazi yangu mkubwa, naye akanikemea kwamba sikumsikiliza bibi vizuri. Vitambaa ndivyo vilivyokuja kila mwaka, mikononi mwa nahodha mmoja aliyekuwa jirani yao. Mzee mwenyewe hakuonekana Lamu kwa miaka saba, na mamake alikwisha kumsomea hitima.