Mjadala: Programu ya maji ya Mkanda iiamini seva, au ikague kila data?

Mwanzisha mada, Langoni:
Assalam aleikum ndugu zangu. Nalileta hili hadharani kwa sababu limetugawa sisi tunaoandika programu hapa Lamu, na atakayeumia ni abiria.

Programu yetu huchukua kimo cha maji kutoka API moja, yaani mlango ambao programu huombea data kwenye seva (kompyuta inayoitunza), hujumlisha na kina cha njia, kisha humwambia mwenye boti ya Faza kama Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, unapitika. Tumeiandika kwa TypeScript, lugha ambayo hugeuzwa kuwa JavaScript ili kivinjari kiisome. Humo unatangaza kila data ni ya aina gani, na kimo tumekitangaza kuwa ni namba. Siku moja wenye seva wakabadilisha kitu kidogo sana: badala ya kutuma 0.4 wakatuma "0.4", ndani ya alama za kunukuu. Hayo ni maandishi sasa, si namba. JavaScript ikiambiwa ijumlishe namba na maandishi, huyaunganisha. Kina cha 1 na kimo cha "0.4" vikawa "10.4". Maji yamekupwa, mchanga unaonekana, na skrini inasema mita 10.4, pita! Hesabu ya kweli ilikuwa mita 1.4.

Aliyegundua ni nahodha. Kwenye kompyuta zetu hakukuwa na hata mstari mmoja mwekundu wa kuonyesha kosa, kwa kuwa aina tunazotangaza katika TypeScript hufutwa msimbo unapogeuzwa kuwa JavaScript. Kivinjari hakizioni kabisa. Tulikuwa kama karani anayesaini karatasi ya magunia 40 bila kushuka gatini kuyahesabu.

Msimamo wangu: data yoyote inayotoka nje ipite kwenye skima, yaani maelezo ya jinsi data inavyopaswa kuwa, na ikaguliwe wakati programu inatumika, kwa maktaba ya msimbo kama Zod au nyingine ya namna hiyo, na aina za TypeScript zitolewe kwenye skima hiyohiyo. Isiyopita isionyeshwe.

Mchangiaji, Mkomani:
Kaka, hapo sikubaliani nawe. Kila maktaba unayoongeza inashushwa kwa bando la mtu, na huko Kizingitini wengine wana simu ndogo. Kuna hati ya OpenAPI, inayoeleza seva itatuma nini: chukua aina zote humo kwa jenereta, programu inayoziandika yenyewe, basi. Tena ukaguzi wenyewe una madhara. Tuliuweka kwenye tovuti ya nyumba za wageni, nyumba moja ikakosa picha, orodha nzima ikapotea. Wageni walikuta ukurasa mweupe Ijumaa nzima.

Mwanzisha mada:
Hiyo jenereta naitumia hata mimi, inanipunguzia makosa ya kuandika kwa mkono. Lakini hati ni ahadi ya seva. Siku ile hati ilikuwa bado inasema namba! Bando ni hoja ya kweli. Ndiyo maana tunajaribu Valibot, maktaba nyingine ya ukaguzi, ambayo ni nyepesi kwa sababu unabeba vipande unavyotumia tu. Na picha ya nyumba iandikwe kuwa si lazima, kila nyumba ikaguliwe peke yake. Kimo cha maji hakina msamaha huo.

Mwalimu, Malindi:
Mnagombania aina, mnasahau vipimo. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za nguvu kwa pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Zote zilikuwa namba. Seva yenu kesho ikituma futi, skima itapitisha.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, hilo limenikaa, nimelifikiria usiku kucha. Maji yetu hata siku za bamvua hayafiki mita 5, kwa hiyo skima inaweza kukataa kinachozidi hapo. Futi 1.3 za maji kupwa zitapenya, ni kweli. Lakini tukikagua jedwali la siku nzima kwa pamoja, maji kujaa ya mita 3 yatakuja kama futi 9.8, na hapo jedwali lote linakataliwa.

Nahodha, Mtangawanda:
Mwanangu, hayo ya skima sijui. Mimi nina abiria botini, programu yako imekataa data. Naona nini?

Mwanzisha mada:
Shikamoo, ami. Swali lako ndilo lililonifanya nibadilishe nusu ya kazi. Maji hupigiwa hesabu kabla, kwa hiyo si lazima tuiulize seva kila saa. Tutashusha jedwali la siku saba, tulikague, tulihifadhi kwenye simu. Likija jipya lenye kasoro, utaona lile la zamani lililopita ukaguzi, na maandishi yanayosema limeshushwa lini. Kila saa itafungwa na tarehe yake, maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ya jana yakionyeshwa leo tumekudanganya vilevile. Siku saba zikiisha bila jedwali safi, itaandikwa wazi: hakuna data, tazama maji mwenyewe.

Nahodha, Mtangawanda:
Hiyo ya mwisho iandike kwa herufi kubwa.